Njia za Wanyama Zichorwe Kabla ya Ardhi Kugawanywa

Mwalimu anayefundisha karibu na mpaka wa Tsavo, iwe ni upande wa Mutha na Ikutha katika Kitui Kusini au ng'ambo ya pili ya Mto Athi kule Mtito Andei, ana hesabu moja ambayo haimo katika silabasi yoyote. Kengele ya kwanza inapolia na viti kadhaa vi vitupu, sharti aamue kama wenye viti hivyo wamechelewa kwa uvivu, au wamechelewa kwa kuwa ndovu walilala karibu na kijia na wazazi wakawazuia watoto hadi jua lilipotoka barabara. Akimwadhibu asiyestahiki amemdhulumu. Akimsamehe kila anayetaja ndovu, basi kabla ya muhula kwisha darasa zima litakuwa limejifunza kutaja ndovu.

Nimeanza na jambo hili dogo la darasani kwa makusudi. Mijadala yetu mintarafu ya wanyamapori aghalabu huanzia mahali pengine: huanzia kwa mtalii, kwa pembe, kwa fedha za kigeni, au kwa mkulima aliyeamka akakuta ekari yake ya mahindi imegeuka uwanja. Hayo yote ni kweli. Lakini mtoto wa shule ndiye anayetembea kila siku katika ardhi ambayo wakubwa huizungumzia mikutanoni tu, na ndiye anayejua kwa miguu yake kwamba njia ya kwenda shuleni na njia ya ndovu ya kwenda mtoni ni njia moja. Swali ninalotaka kuliuliza leo ni hili: ni nani aliyepanga iwe hivyo? Na jawabu, kwa bahati mbaya, ni kwamba hapana aliyepanga.

Gazetini na redioni husemwa kwamba ndovu "wamevamia" vijiji. Sina ugomvi na mkulima anayelitumia neno hilo. Aliyepoteza ndengu zake za msimu mzima ana haki ya kuchagua maneno. Hata hivyo mpangaji wa ardhi hana haki hiyo. Yeye kazi yake ni kutazama ramani, na ramani ya Kitui na Makueni inaeleza mambo waziwazi kwa anayetaka kuelezwa.

Hifadhi ya Taifa ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948. Huwa tunaifikiria kuwa ni mali ya Taita na Pwani, ilhali zaidi ya kilomita za mraba 6,000 za Tsavo Mashariki zimo ndani ya mipaka ya Kaunti ya Kitui. Kaskazini ya hapo kuna Hifadhi ya Kitui Kusini, iliyotangazwa rasmi mwaka 1979 na kukabidhiwa serikali ya mtaa ya wakati huo. Kaskazini zaidi, kwenye kingo za Mto Tana, ipo Hifadhi ya Mwingi inayopakana na Kora, nayo Kora inaungana na Meru. Upande wa Makueni kuna Ngai Ndethya, hifadhi ndogo ya mwaka 1976 karibu na Mtito Andei, na magharibi yake vilima vya Chyulu, vilivyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1983. Mvua inayonyesha Chyulu huzama katika mwamba wa volkano na kuibukia katika chemchemi za Mzima, ambako maji yake hupelekwa kwa bomba hadi Mombasa. Kwa hiyo hata mkazi wa Likoni anayefungua mfereji wake ana kaugomvi kadogo, au kashukrani kadogo, na mpango wa ardhi wa Kibwezi.

Ukizitazama hifadhi hizo utaona kwamba ni kama visiwa. Baina ya kisiwa na kisiwa kuna mashamba, masoko, makanisa, shule na barabara. Na mnyama mwenye tani tano, anayehitaji lita zaidi ya mia moja za maji kwa siku, hakai kisiwani wakati wa kiangazi. Hesabu ya wanyama ya mwaka 2021 ilionyesha Kenya ina ndovu 36,280, na wengi wao kuliko mahali pengine popote, karibu 15,000, wako katika eneo la Tsavo. Idadi hiyo ni habari njema kwa taifa ambalo katika miaka ya 1970 na 1980 liliwaona ndovu wa Tsavo wakichinjwa na majangili hadi wakabaki elfu chache tu. Lakini habari njema ina gharama yake, na anayelipa gharama hiyo hakai Nairobi. Ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020 ulipofikia kilele, serikali ilitangaza kwamba ndovu 205 walikuwa wamekufa nchini kati ya Februari na Oktoba 2022. Waliosalia walifanya ambalo mtu yeyote angefanya. Walifuata maji.

Na wanayafuata kwa njia gani? Hapa ndipo ninapopendezwa na jiografia ya Ukambani. Kutoka karibu na Ol Donyo Sabuk hadi ndani ya Tsavo Mashariki kuna uwanda mrefu wa mawe ya volkano, Uwanda wa Yatta, ambao wanajiolojia huuhesabu kuwa miongoni mwa mitiririko mirefu ya lava duniani. Urefu wake ni kama kilomita 300, na umri wake ni zaidi ya miaka milioni 13. Kwa sehemu kubwa ya safari yake unaandamana na Mto Athi, ukiwa juu kama ukuta, na mto chini yake kama mtaro. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza akiambiwa achore njia ya wanyama ya kutoka Tsavo kwenda bara, bila kujua lolote kuhusu wanyama, ataweka kalamu yake juu ya uwanda huo. Huko juu pana vichaka na watu ni wachache. Huko chini pana maji. Lau tungaliajiri mhandisi atuchoree ushoroba, asingalichora bora kuliko huo.

Neno hilo, ushoroba, wenzetu wa Tanzania wamelizoesha kwa maana hii, nasi twaweza kuliazima bila haya. Asili yake ni kijia chembamba kinachopita baina ya nyumba na nyumba, na kila aliyewahi kupita katika mitaa ya miji ya kale ya Pwani anajua sheria yake isiyoandikwa: ushoroba si wa mwenye nyumba hii wala wa mwenye nyumba ile, na hapana anayeruhusiwa kuuziba kwa ukuta wake. Tanzania ilipitisha kanuni za shoroba za wanyamapori mwaka 2018, ingawa kupitisha kanuni na kuukomboa ushoroba uliokwisha kujengwa nyumba ni mambo mawili tofauti. Ushoroba wa Kwakuchinja, baina ya Tarangire na Ziwa Manyara, unaendelea kubanwa na mashamba hadi leo. Nchini mwetu, wizara ilizindua mwaka 2017 ripoti nene inayoeleza njia za wanyama na maeneo wanakosambaa, Tsavo likiwemo. Ripoti hiyo ni nzuri. Kasoro yake ni ile ya ripoti zote: haiwezi kumzuia mtu kupanda uzio.

Nani basi awezaye? Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, iliyagawanya majukumu. Ulinzi wa wanyamapori ikaupa serikali ya kitaifa. Mipango ya maendeleo, upimaji wa ardhi na uchoraji wa ramani, mipaka na hata ujenzi wa nyua, ikaupa serikali za kaunti. Msomaji na azingatie vyema mgawanyo huo. Ndovu ni wa Nairobi, lakini ardhi anayoikanyaga akiwa nje ya hifadhi hupangwa Kitui mjini na Wote. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, hupewa lawama zote ndovu anapotokea shambani, ilhali halina mamlaka ya kuamua shamba hilo litapimwa wapi. Kaunti, yenye mamlaka hayo, hutikisa kichwa na kusema wanyama si wake. Ushoroba umeanguka katikati ya viti viwili, na hapana hata mmoja wa waliokaa anayeinama kuuokota.

Udhuru huu wa kaunti siukubali. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inazitaka kaunti ziwe na mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka kumi, ulio na ramani, na sheria ya mwaka 2019 kuhusu mipango ya ardhi ikalitilia mkazo agizo hilo. Fauka ya hayo, Hifadhi ya Kitui Kusini na ile ya Mwingi si za KWS. Kama hifadhi nyinginezo za namna hiyo, zimo mikononi mwa kaunti. Kitui kwa hivyo ni mwenye hifadhi kama vile Narok alivyo mwenye Maasai Mara. Tofauti ni kwamba Mara ina malango, walinzi na mapato, na Kitui Kusini ina jina. Kwa miaka mingi wafugaji wa ngamia kutoka kaunti za jirani wameingia humo wakati wa kiangazi, na magomvi yaliyozuka baina yao na wakulima yamemwaga damu. Ardhi isiyopangwa haikai tupu. Hupangwa na mwenye nguvu.

Barabara nazo zimekuja. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017, na kwa kuwa imejengwa juu ya tuta refu linalopita katikati ya Tsavo, ilibidi wahandisi waache njia za chini kwa wanyama wakubwa, sita zikiwa zimetengwa mahususi, mbali na madaraja na makalavati. Mwaka 2016, kabla ya treni kuanza kwenda, KWS na shirika la Save the Elephants waliwavisha ndovu kumi mikanda ya kufuatilia nyendo zao. Matokeo yalionyesha jambo ambalo mwalimu yeyote angelitabiri: baadhi ya ndovu walijifunza kuvuka, na wengine hawakujifunza. Walipita wale walioijua njia tangu zamani na wakakuta tundu la kupitia mahali walipozoea. Tundu likiwekwa pasipo na njia, ni tundu tu.

Hapa Kenya tunao mfano mwingine wa kutia moyo. Chini ya barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru kulichimbwa njia ya ndovu, na Januari 2011 dume mmoja aliyepewa jina la Tony akawa wa kwanza kuipita. Njia hiyo ni sehemu ya ushoroba wa kilomita 14 unaouunganisha msitu wa Mlima Kenya na ule wa Ngare Ndare, uliopatikana kwa kuwashawishi wenye mashamba makubwa watoe vipande vya ardhi yao. Lakini nawaomba wanaoutaja mfano huu katika warsha za Kitui wakumbuke tofauti moja kubwa. Kule ushoroba ulipita katika mashamba ya watu wachache wenye maelfu ya ekari. Huku kwetu utapita katika mashamba ya watu wengi wenye ekari tano tano. Mwenye elfu akitoa hamsini amekuwa mfadhili. Mwenye tano akitoa mbili amekuwa maskini.

Nalo ndilo jambo gumu kuliko yote, wala sitaki kulipitia kwa haraka kama wafanyavyo wengi. Barabara ya kutoka Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui ilipotiwa lami, inayouvuka Mto Athi na kuupanda Uwanda wa Yatta, thamani ya ardhi kandokando yake ilibadilika. Bwawa la Thwake, lililoanza kujengwa mwaka 2018 mahali mito ya Athi na Thwake inapokutana, limeleta matumaini ya unyunyiziaji. Hayo ni mema, na watu wa Kitui waliyangoja kwa miongo mingi huku wakila vumbi. Basi kila mwenye kipande anataka kukipima, apate hati, awagawie wanawe. Siku vipande hivyo vitakapokwisha kupimwa, kila mstari wa mpimaji utakuwa ukuta wa kisheria. Kuufungua tena kutahitaji fidia ambayo hapana kaunti iwezayo kuilipa.

Tulikwisha kuliona hilo Kitengela. Nyumbu na punda milia wa Hifadhi ya Nairobi walikuwa na njia yao ya kusini kwenda nyanda za Kaputiei. Ardhi ya jumuia ikagawanywa kwa watu binafsi, kisha ikauzwa vipande vipande. Tangu mwaka 2000 kukawa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka ili wasijenge nyua. Mpango ulikuwa na busara, na familia nyingi zilizitumia fedha hizo kulipa karo. Lakini uliegemea mfuko wa wafadhili, na mfuko ulipokauka, nyua zikashinda. Leo mtu hahitaji kwenda mbali kuona yaliyobaki: Kitengela ni mji. Shilingi 300 hazikuweza kushindana na bei ya ploti.

Serikali imependelea dawa mbili, uzio na fidia. Uzio wa umeme umejengwa sehemu kadhaa za mipaka ya Tsavo na Chyulu, na mahali ulipotunzwa umesaidia kweli; anayeukejeli hajawahi kulala macho akipiga debe usiku kucha. Lakini uzio usiotunzwa ni waya tu, na ndovu mwerevu hujua kwamba pembe haipitishi umeme. Tena uzio usiofuata ramani ya njia humsukuma ndovu kutoka shamba la huyu hadi la yule. Kuhusu fidia, sheria ya mwaka 2013 ilipandisha malipo ya mtu aliyeuawa na mnyama hadi shilingi milioni 5, kutoka 200,000 za hapo awali. Bunge lilipiga makofi. Kisha madai yakalimbikizana mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa sheria iliahidi ambacho bajeti haikukitenga. Mjane wa Ikutha anayepeleka faili yake mara ya nne hajui kama acheke au alie anapoambiwa kwamba sheria yake ni miongoni mwa zilizo bora Afrika.

Huenda msomaji akadhani basi nataka wataalamu waje na ramani yao, wachore mstari wa kijani, na watu waambiwe wausogee. La. Ukambani ina kumbukumbu ya mipango ya namna hiyo. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua, kwa sababu za kitaalamu ambazo hazikuwa za uongo kabisa, kwamba mifugo ya Wakamba imezidi uwezo wa ardhi, na ikaanza kuwatwaa ng'ombe kwa nguvu na kuwauza. Maelfu ya watu walitembea hadi Nairobi kumwona gavana, wakakaa huko wiki kadhaa. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini serikali ililazimika kuacha kuwatwaa ng'ombe kwa nguvu. Miaka kumi baadaye mipaka ya Tsavo ilichorwa, na waliokuwa wakiwinda na kurina asali humo, Wakamba, Wataita na Wawaata, wakaamka wakajikuta ni wahalifu. Wako wazee Kibwezi wanaokumbuka kuhamishwa kutoka Chyulu. Ukitaja "uhifadhi" mbele yao, wao husikia "kuhamishwa", na hawajakosea lugha.

Lakini Ukambani ina kumbukumbu nyingine, nayo inafaa itajwe pamoja na ile. Katika miaka ya 1930 wataalamu waliiandikia Machakos, ambayo wakati ule Makueni ilikuwa sehemu yake, tanzia ya ardhi: mmomonyoko umekwisha kuimaliza. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki wakachapisha kitabu kilichoonyesha kinyume chake. Watu walikuwa wameongezeka takriban mara sita, na ardhi ilikuwa katika hali bora kuliko ile ya awali. Waliofanya kazi hiyo walikuwa wakulima wenyewe, hasa wanawake, katika vikundi vya mwethya, wakichimba matuta baada ya kuona kwamba matuta yanawafaa. Matuta ya amri ya miaka ya ukoloni yalichukiwa. Matuta ya hiari yakaenea vilima vyote. Hata leo vitabu vya kilimo vya Kiingereza huyaita matuta hayo kwa jina lake la Kiswahili, fanya juu, kwa kuwa Kiingereza hakikuwa na neno. Ni mara chache tumeuuzia ulimwengu neno la kazi.

Mwethya ndio ninaoutafuta katika jambo hili la njia. Na si ndovu peke yake wanaohitaji njia. Vilima vya Mbooni, Kilungu, Makuli na Nzaui upande wa Makueni, na vile vya Mutitu, Muumoni na Endau upande wa Kitui, vina mabaki ya misitu ambayo ni vyanzo vya maji ya mabonde yote ya chini. Jina lenyewe Mutitu maana yake ni msitu, kama vile Mtito Andei ni msitu wa tai. Majina yamedumu kuliko miti. Baina ya kilima na kilima palikuwa na vichaka na miti ya mitoni iliyoviunganisha, na katika mahali pengi palikuwa na mathembo, yale maganjo matakatifu yenye mikuyu mikubwa ambayo hapana aliyethubutu kukata tawi lake. Mathembo machache yaliyosalia yamo ndani ya mashamba yaliyopimwa, na usalama wake unategemea kama mwenye hati anamwogopa babu yake.

Kisha kuna makaa. Januari 2018 Gavana Charity Ngilu alipiga marufuku uchomaji na usafirishaji wa makaa kutoka Kitui, na lori moja lilipoteketezwa, uhasama ukazuka na wafanyabiashara wa Kiambu. Makueni nayo ilikuwa imetunga sheria yake ya kulinda mchanga mwaka 2015. Naitaja mifano hii kwa sababu inathibitisha kwamba kaunti ikitaka, yaweza. Hoja ya kwamba mambo ya mazingira ni ya Nairobi husikika tu wakati jambo lenyewe ni gumu. Marufuku ya makaa ilikuwa na dosari, maana ilimfunga mchomaji bila kumfungulia mlango mwingine, lakini haikungoja ruhusa ya mtu.

Niruhusiwe kuchepuka kidogo. Uingereza ilipitisha mwaka 1949 sheria iliyozitaka serikali za mitaa zichore ramani za vijia vyote vya miguu ambavyo umma umekuwa ukivitumia. Kijia kikishaingia katika ramani hiyo, mwenye shamba hawezi kukifunga hata kama kinakatiza katikati ya ngano yake. Sisi tulipokuwa tukigawanya ardhi baada ya uhuru tulichora barabara za magari, na vijia vya watoto wa shule, vya kwenda mtoni na vya mifugo tukaviachia ukarimu wa majirani. Ukarimu huo umekwisha mahali pengi. Mtoto wa leo huzunguka kilomita mbili kwa sababu ya seng'enge iliyopandwa juu ya kijia alichopita nyanya yake, na mzunguko huo ndio unaompeleka vichakani ndovu waliko.

Kwa maoni yangu, basi, kazi ya kuchora njia za wanyama na kazi ya kuchora njia za watu ni kazi moja na ifanywe siku moja, juu ya karatasi moja. Mahali ambapo ndovu hupita kila kiangazi pajulikane, na shule isijengwe hapo, wala kisima, wala kijia cha watoto. Mahali ambapo watoto hupita pajulikane, na uzio uanzie huko. Pale ushoroba unapokata shamba la mtu, sheria ya mazingira ya mwaka 1999 na ile ya wanyamapori ya mwaka 2013 zinatoa nafasi ya mapatano yanayomwachia mwenye ardhi hati yake, akilipwa kwa kutoijenga sehemu ile. Malipo hayo yawe katika bajeti, yasingoje mfadhili, Kitengela imetufunza. Na mkulima aliye kandokando ya ushoroba apewe silaha anayoijua. Kule Sagalla, jirani wa Tsavo katika Taita Taveta, utafiti alioufanya Lucy King umeonyesha kwamba ndovu huogopa nyuki, na mashamba yamezungushiwa mizinga iliyounganishwa kwa waya. Mkamba hahitaji kufunzwa kutundika mzinga. Amekuwa akiutundika tangu kabla ya Krapf kufika Kitui mwaka 1849.

Nyuki hawatoshi kila mahali, na katika kiangazi kikali wao wenyewe huhama. Nalisema hili kwa sababu nimewasikia wanaoyauza mapenzi ya mizinga kana kwamba ndiyo dawa ya kila ndovu. Mzinga ni wa ukingoni. Bila ushoroba ulio wazi nyuma yake, ndovu aliyefukuzwa na nyuki wa mkulima mmoja ataingia kwa mkulima asiyekuwa nao.

Jambo la mwisho ni Mto Athi. Kwa kilomita nyingi ndio mpaka wa Makueni na Kitui, na kwa hivyo kila kaunti huishia kuchora ramani yake ukingoni mwa maji, ng'ambo ikiachwa nyeupe kana kwamba ni bahari. Ndovu huuona mto huo kuwa ni katikati ya nyumba. Kaunti za Kitui, Makueni na Machakos zina muungano wao wa kiuchumi, na magavana wake hupiga picha pamoja. Sioni kwa nini muungano huo usitoe ramani moja ya Uwanda wa Yatta na ya kingo zote mbili za Athi, kabla ya mipango ya maendeleo ya 2023 hadi 2027 kufuatwa na mingine. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kilomita moja ya lami.

Na hapa narudi kwa mwalimu wetu wa viti vitupu. Sheria inautaka umma ushirikishwe katika mipango hii, na mikutano ya ushirikishaji huitishwa, aghalabu kwa tangazo la siku chache, katika ukumbi wa shule yake. Yeye ana jambo ambalo mpangaji wa Wote au Kitui mjini hana: darasa la watoto arobaini wanaojua kila kijia, kila kisima na kila mahali kinyesi cha ndovu kilipoonekana wiki hii. Awape karatasi kubwa na kalamu za rangi mbili, moja ya njia wanazopita wao na nyingine ya njia wanazopita wanyama, na awaambie wachore kutoka nyumbani hadi shuleni. Siku maofisa watakapokuja, ramani hiyo ibandikwe ukutani mbele yao, karibu na ile waliyokuja nayo.